Juu ya Radio ya Mukubwa Yako

Baraka, siku ya soko

Shemeki Byaombe, bwana wangu mudogo,

Jambo sana. Habari ya Kilembwe? Habari ya mugongo wako, na ya muke wako, na ya ile mbuzi yenye kichwa nguvu? Kama macho imechoka na muntu mwingine anakusomea, mwambie asome polepole, asiruke fasi hata moja.

Sisi huku Baraka tuko. Miguu inaniuma wakati mvua iko karibu, lakini mudomo haina ugonjwa. Batoto wanakula. Samaki ya ndagala ni kidogo siku hizi, ziwa imefunga mukono. Mwenye kuandika ni Riziki, muke ya mutoto wangu Wilondja. Unajua mi sikukanyaga masomo. Mi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia aandike hata fasi yenye namusema yeye vibaya, na ameitika.

Sasa sikia. Ni juu ya radio ya mukubwa yako, ile kubwa ya mbao, yenye miguu inne, yenye alinunua Kalemie wakati tulikuwa vijana. Unakumbuka bantu walikuwa wanajaa mu uwanja wetu kusikiliza matangazo na kumaliza chai yangu. Mbele ya kufa alimwachia Wilondja. Na siku tulikimbia vita, Wilondja aliibeba ku kichwa toka kule Kilembwe mpaka huku. Nikamwambia, "Acha hii sanduku, beba unga." Akanijibu, "Mama, unga itaisha." Akaitula hapa mu pembe ya nyumba, akapumuzika, akarudi kule kuchukua mbuzi. Mpaka leo hatujamuona.

Riziki anauzisha mandazi mbele ya nyumba. Panya inamusumbua, inzi inamusumbua. Mwezi iliyopita akaniambia, "Mama, hii radio haisemi. Tutoe matumbo yake, tuweke kioo mbele, ikuwe kabati ya mandazi." Nikamujibu, "Weka kioo ku macho yako kwanza." Tukanuniana. Bajukuu yangu ndio walikuwa wanabeba maneno. "Koko, mama anasema ukuje kula." "Mwambie mama yako koko ameshiba." Na nilikuwa na njaa kabisa.

Si roho mubaya, shemeki. Unajua desturi yetu. Muntu amepotea, hatujakaa matanga yake, kitu yake hatuigusi. Nikipasua ile radio, ni sawa mi mwenyewe nimemuweka mutoto wangu mu udongo. Na bamama ya ku maji watasema Riziki anatafuta bwana. Upande mwingine, mi si kipofu. Riziki ni kijana. Hawezi kuenda, hawezi kukaa. Na bile tunakula ni mandazi yake inanunua.

Basi nikaita fundi, ule mwenye kutengenezaka radio karibu na bandari. Nikamwambia Riziki, "Akisema inaweza kupona, inabaki radio. Akisema imekufa, chukua kabati yako, usinisumbue tena." Akakubali.

Fundi akafungua nyuma, akaangalia, akacheka. "Koko, hii radio haikufa. Haina lampe." Lampe ni bile bichupa bidogo bya kioo binawakaka ndani, bila zile, radio ni mbao tu. Nikasema zimevunjika njiani. Akasema hapana, kioo hata kipande haiko humu. "Zilitolewa na mukono, moja moja. Na mwenye alizitoa alitaka kuzirudisha."

Pale Riziki akakaa chini. Nikamuuliza, "Nini?" Nikamuuliza tena. Njo akasema.

Asubuyi ya kukimbia, Wilondja alitoa zile lampe juu zisipasuke ku kichwa. Alizifunga mu pamba, akazificha mu kibuyu yangu ya mbegu ya maharagi, mu majivu, kule nyumbani juu ya jiko. Mu kibuyu yangu, Byaombe. Mwanaume. Mi nahesabu mbegu na yeye anaweka mukono. Alimwambia Riziki kwamba hakuna muntu ataigusa pale, na hapo hakukosea, juu kwetu mukono ya mwanaume ikiingia mu kibuyu ya mbegu, maharagi inakataa kuota. Hata mwizi anaogopa.

Na hakurudi juu ya mbuzi. Alirudi juu ya lampe. Mi niko nawaambia bantu wote ni mbuzi ilimupoteza, na Riziki ananisikia, ananyamaza. Aliogopa nitasema ni radio, niivunje na mutwangio. Nilimwambia, "Ningeivunja kweli." Tukalia sisi wawili pale chini, na fundi akajifanya anatafuta misumari yake ya bisi mu mufuko.

Sasa shemeki, we njo unalala mu ile nyumba. Mama Sifa, mwenye kushusha huku mafuta ya mawese toka kwenu, aliniambia kibuyu yangu iko inatundikwa pale pale, na we haujaigusa. Umefanya vizuri. Leo nakupa ruhusa, mi mwenye kibuyu. Kama maharagi itakataa kuota, ikatae.

Kama lampe iko mule, Wilondja hakufika nyumbani. Basi utashuka huku, we njo baba yake sasa, tutakaa matanga, tutamulilia kama muntu mwenye alikuwa na kwao. Kisha fundi atatoa matumbo ya radio na Riziki ataweka kioo yake. Na mwanaume akikuja kumuomba na heshima, mi mwenyewe nitapika. Aandike hiyo. Hataki kuandika, nimemwambia aandike.

Kama haziko, mutoto alifika, akazichukua, akatoka nazo. Najua kufika si kurudi, usinifundishe. Lakini radio itabaki mu pembe yake, na panya ikule mandazi.

Tangu fundi atoke hapa, naogopa utazikuta. Naogopa hautazikuta. Usinihurumie na uongo, nitaijua. Na usinipigie simu, juu reseau tunapataka ku kilima tu, na kule masikio ya bantu ni mingi. Mupe Mama Sifa jibu. Kama lampe iko, afunge lampe mu kikwembe yenye anavaa. Kama haiko, afunge mbegu kidogo ya maharagi ya mu kibuyu. Nitamungoja ku barabara, atafungua kikwembe, na hakuna muntu ataniambia neno.

Nisalimie muke wako, mwenye mukono yake ya kupika inapita mudomo yake. Nisalimie shangazi mwenye kusuka mikeka, na jirani yetu wa ng'ambo ya muto, mwambie sufuria yangu sijaisahau. Batoto ya Wilondja wanakusalimia. Mudogo ana masikio yako, pole yake. Riziki anakusalimia. Anasema karatasi imeisha.

Unawe mikono mbele. Na usitikise ile kibuyu, Byaombe. Ingiza mukono polepole. Ni kioo.

Mi shemeki yako,
Mama Wilondja