Waya wa Pampu

Mdogo wangu,

Huku wote wazima. Mama amepaka rangi jikoni, haipendi. Nakuandikia kwa sababu nyumba hii simu ya mmoja husikilizwa na wote.

Kompyuta uliyoniachia nilihangaika nayo ulivyonielekeza. Nilipuliza vumbi kwenye feni, nikabadilisha ile pasta ya kupitisha joto kwenye prosesa, nikaongeza maji ya kupoozea yanayozungushwa na pampu. Joto halikushuka, ikawa inajizima katikati ya kazi.

Jana niliishika mirija ya maji. Mmoja ulikuwa wa moto, mwingine baridi, yaani maji hayazunguki. Kumbe waya wa pampu umechomolewa. Si panya: umekunjwa vizuri na kufungwa uzi, kama Baba anavyofunga nyaya zake zote.

Sikumuuliza. Tangu mlipogombana naye, wewe hunipigia simu kompyuta ikiharibika tu, naye husogeza kiti asikie sauti yako, akijifanya anasoma gazeti.

Nimeuchomeka, mashine imepoa. Asubuhi akaniuliza, "Bado inasumbua?" Nikamjibu inasumbua sana.

Basi piga. Ila safari hii usiniulize mimi. Muulize Baba joto limefika wapi.

Dada yako