Namba ya Mlangoni

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mgongo umeacha kukusumbua. Wanao hawajambo? Mimi mwili hauna neno, dada, ila moyo hautulii hata kidogo. Naogopa.

Unakijua kile chumba cha gesi hapa kwenye mitambo ya maji, wanacholinda shemeji na mwenzake. Gesi ile tunaitia kidogo sana kusafishia maji; mtungi mmoja ukifunguliwa hovyo, mtaa mzima umekwisha. Ndiyo maana mlango una walinzi wawili. Kila mmoja ana siri yake ya tarakimu nne, tena namba tasa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Kufuli huzizidisha. Zikitoa 1,022,117, mlango unafunguka. Namba hiyo kubwa imechorwa mlangoni, kila mtu anaiona, maana bosi anasema kuizidisha ni rahisi, kuirudisha ilikotoka ni kazi ya mwendawazimu.

Haya, mwendawazimu ndiye mimi. Juzi nilikuwa pale nasubiri maji ya kupima, macho yakatua mlangoni. Si unanijua! Nikaona namba ile imepungukiwa na nne tu kuwa 1,011 mara 1,011. Nne nayo ni mbili mara mbili. Basi, kwisha kazi: kwenye 1,011 toa mbili, kisha ongeza mbili, unapata 1,009 na 1,013. Mama yangu! Hizo ndizo namba tasa mbili za mwanzo baada ya elfu. Mmoja kachukua ya kwanza, mwenzake ya pili, uvivu mtupu, wala hawakuambizana. Wale watu ni chanda na pete hata kwenye hesabu. Nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikanikauka.

Leo asubuhi walitoka kwenda kupokea mzigo getini, wanauamini mno mlango wao. Nikabonyeza. Ukafunguka.

Wallahi sikugusa kitu, nilichungulia tu. Mitungi imesimama ukutani, kila mmoja na mnyororo wake. Mnyororo mmoja unaning'inia mtupu, na daftari la ukutani linasema mitungi yote ipo. Dada, kuna mtu kaipiga hesabu hii kabla yangu, na mtungi anao, sijui wapi. Tangu hapo kila ninayepishana naye namwona ndiye.

Upungufu ukigundulika watashikwa wawili, kwani kwa bosi hakuna mtu wa tatu awezaye kufungua. Nikisema yupo, wa tatu ni mimi. Nikinyamaza, mtungi uko mtaani na mumeo yuko ndani. Nikimaliza kuandika nakwenda kwa bosi.

Nibusie watoto. Shemeji akija huko mwisho wa wiki msalimie sana, lakini neno la barua hii usimwambie. Watakapomuuliza kama alijua siri yake inapatikana, nataka aape kwamba hakujua, na iwe kweli.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Bi Hesabu