Uzito wa Hewa ya Eldoret

Jumanne, 1 Julai

Mvua tangu alfajiri. Chai bila maziwa. Saa kumi na moja jioni Mama Nekesa alibisha, ametoka zamu, sweta inanuka moshi. Ni mpangaji wa mlango wa tatu. Huchochea boila katika kiwanda cha maziwa.

Tumerudia hesabu ya mtambo wa mvuke. Pampu, boila, turbini, kondensa inayopooza mvuke uwe maji, kisha maji yanarudi kwenye pampu. Mzunguko anaujua. Jedwali la mvuke analisoma bila kusita. Lakini ufanisi wake umetoka ishirini na saba kwa mia. Mtihani aliofeli mwaka jana alirudishiwa ukiwa na majibu sahihi kwa wino mwekundu, na wino unasema thelathini na moja. Kosa liko mahali.

Kiwanda cha sukari huko chini, karibu na kwao Busia, kinajizalishia umeme kwa makapi ya miwa. Kinataka wahudumu wa mtambo. Mtihani ni tarehe kumi na sita. Wamemruhusu kurudia mara moja tu. Akipita atakaa na watoto wake, ambao sasa wanalelewa na nyanya yao. Huwaona Krismasi.

Jumamosi, 5 Julai

Ishirini na saba tena. Amechoka.

"Mzee, pengine hiki kichwa ni cha kuni tu."

Nikamwambia bila kuni hakuna mvuke. Alicheka kidogo, akaenda kwake.

Nilibaki na karatasi yake. Nimeliona kosa. Geji ya kondensa haipimi shinikizo lenyewe. Inaonyesha tu liko chini ya hewa ya nje kwa kiasi gani. Geji inasema kilopaskali sitini na tisa. Yeye anaitoa kwenye mia na moja, kama walivyokariri shuleni. Mia na moja ni hewa ya pwani. Hapa tuko juu sana, hewa ni nyepesi: sabini na tisa. Swali limeitaja kwenye mstari wa kwanza, kipimo cha baromita, naye anaupita kama salamu. Anapata thelathini na mbili badala ya kumi. Kondensa yake haivuti vya kutosha, turbini yake inafanya kazi kidogo. Ndiyo hiyo tofauti yote.

Hata mimi nimechelewa kuliona. Nimefurahi kama zamani nikifundisha chuoni.

Jumapili, 6 Julai

Sikwenda kanisani. Furaha imeisha.

Akijua hili atapita. Akipita ataondoka. Hakuna mwingine anayebisha mlango huu. Mke wangu Wambui alifariki. Wana wangu wako mbali na wana haraka. Majirani wa Timboroa tulitawanyika siku tulipofukuzwa kwenye mashamba yetu. Nimeishi kwenye ploti hii ya vyumba vya kupanga miaka mingi kuliko niliyoishi shambani kwangu, na bado nikisema nyumbani nasema kule, kwenye viazi na pareto.

Jana taa yake ilikuwa inawaka nilipomaliza. Hatua chache tu. Sikwenda.

Jumanne, 8 Julai

Alikuja. Nilimfundisha pampu. Saa nzima ya pampu, ambayo inakula kilojuli mbili tu kwa kila kilo ya maji, wakati turbini inatoa mia nane themanini. Hata ukiisahau jibu halitikisiki. Nililijua hilo nikiwa ninazungumza.

Aliuliza kwa nini joto jingi hivyo litupwe kwenye maji ya kupoozea. Nikamweleza kwamba bila upande baridi hakuna kazi inayofanyika. Akaandika. Aliniachia sukuma wiki, akanishukuru.

Sikumwambia. Naona aibu. Pia nilifurahi alipokuwa hapa. Yote mawili ni kweli.

Jumamosi, 12 Julai

Aliingia akicheka. Kitinda mimba wake amempigia simu kuuliza: "Mama, ukikuja utalala hapa ama utarudi?" Alinisimulia akiigiza sauti ya mtoto. Kisha akatazama dirisha.

Nikainuka. Nikaweka sufuria ya maji kwenye jiko. Maji yalipochemka nikatia themomita, nikamwita asome.

"Tisini na tatu," akasema. "Hii kitu yako imezeeka, Mzee."

"Haijazeeka. Hapa maji hayafiki mia. Hewa haiyakandamizi vya kutosha."

Akafikiri. Akasema mama yake akija kutoka Busia hulalamika kwamba maharagwe ya Eldoret hayaivi. "Na hulaumu mimi. Anasema nimekuwa mvivu wa kuchochea. Mimi, na kazi yangu ni kuchochea."

Nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza wa swali. Alitoa sitini na tisa kwenye sabini na tisa. Kumi. Akaenda kwenye jedwali. Kalamu haikusimama mpaka thelathini na moja.

"Kumbe ni hewa."

Alikuwa anatabasamu alipouliza nililiona kosa lini. Ningeweza kusema leo. Nikasema Jumamosi iliyopita.

"Na Jumanne ukanifundisha pampu."

"Ndiyo."

"Wewe mzee," akasema. Alikusanya karatasi zake. Chai aliiacha.

Jumatatu, 14 Julai

Tulikutana kwenye mfereji wa maji. Akanisalimu kama anavyowasalimu wote, "Habari, Mzee," akabeba mtungi wake. Nilistahili. Haisaidii kujua kwamba nilistahili.

Jumatano, 16 Julai

Alitoka mapema kwenda mtihani, viatu vya kanisani, kwa barabara iendayo Turbo. Baridi. Nilisoma ukurasa mmoja siku nzima.

Alirudi jioni. Alisimama mlangoni.

"Walileta baromita, Mzee. Nimeitumia."

Hakuingia. Lakini alikuja kusema.

Jumanne, 29 Julai

Amepita. Alipigiwa simu akiwa kazini. Akawatangazia wanawake wa ploti kwanza, vigelegele mpaka kwa mwenye nyumba. Kisha akabisha kwangu. Aliketi. Nikachemsha chai, akanywa yote.

Nilimwomba msamaha kwa maneno kamili. Alizungusha kikombe.

"Mimi nimeacha watoto huko miaka. Najua nyumba ikinyamaza inakuwa aje," akasema. "Lakini pampu, Mzee. Saa nzima. Nilienda nikaota pampu."

Akacheka, nami nikacheka. Sijui kama hiyo ni kusamehewa. Ilitosha.

Jumapili, 3 Agosti

Canter, lori dogo la kuhamisha vitu, ilikuja baada ya ibada. Kitanda, sanduku, masufuria, gunia la mahindi mabichi ya kupelekea watoto. Kiti kimoja kilikosa nafasi. Dereva alijaribu kukifunga juu, kikayumba, akakishusha. Mama Nekesa akakileta kwangu, akakiweka ndani bila kuuliza.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ukule, Mzee. Usiishi kwa chai."

Nikasema nitakula. Gari likageuka kwa shida kwenye tope, likaenda.

Jumanne, 12 Agosti

Jua kidogo baada ya wiki nzima ya mawingu. Mlango wa tatu umepata mpangaji, kijana wa benki, hurudi usiku. Nimepika wali na ndengu. Nimekula.

Sasa nina viti viwili. Asubuhi nilikalia kimoja. Jioni nikakalia kingine.