Kicheko na Madeko

3 Machi

Mwanangu kipenzi,

U hali gani huko? Kifua kimeachia? Sisi wazima. Baba yako analalamikia goti, lakini karakanani anakwenda.

Kwenye simu ningelia tu, ndiyo maana naandika. Jana nilikuwa kwenye cherehani, napinda gauni la bibi harusi. Kinyozi wa jirani akafungulia redio mpaka mwisho. Nikasikia sauti yako, nikatabasamu. Halafu nikasikia maneno: “Kicheko, Kicheko, punguza madeko, waume za watu si wako peke yako.” Sindano ikanipita kidoleni. Sikuhisi kitu mpaka nilipoona damu kwenye kitambaa cheupe.

Hilo jina umelitoa wapi? Nani kakwambia? Nijibu upesi.

Mama yako

11 Machi

Shikamoo Mama,

Pole sana kwa kidole. Kifua kimepona, usihangaike.

Umenishtua. Nilidhani utacheka, uwaringie wateja wako! Mama, ni jina tu. Tulijaribu mengine, mtayarishaji akayakataa yote: moja refu, jingine la mkewe. Tulitaka la kwenda na “madeko”. Kicheko likaja lenyewe mdomoni.

Nilipofikiri sana nimekumbuka. Ni la Baba. Nilipokuwa mdogo, siku moja nilicheka mpaka nikaanguka, akaniita, “We Kicheko!” Papo hapo akatoka nje. Nilipomuuliza, akasema nimesikia vibaya.

Kama ni mwanamke wake wa zamani, nisamehe, sikujua. Sasa wimbo uko kila mahali, hata maharusini. Huyo mama ni nani?

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Natumai barua hii inakukuta mzima. Nimechelewa kwa sababu kila nikianza kuandika nachana karatasi.

Si mwanamke wa mtu. Ni dada yako.

Aliondoka kwa homa kabla hujazaliwa, hajajua hata kusimama. Tulimwita Kicheko kwa sababu alianza kucheka kabla ya kujua kukaa. Baada ya kumzika, mimi na baba yako hatukuwahi kulitajiana tena jina lile. Hatukukubaliana hivyo. Tulinyamaza tu, ukawa mwaka, ukawa umri wako wote.

Sasa nikienda sokoni namsikia mwanangu anaitwa mwizi wa waume, na watu wanakata viuno. Baba yako sijamwambia kitu. Wimbo ukianza, anainuka anazima redio, anarudi kukaa. Hatutazamani.

Mama yako

9 Aprili

Shikamoo Mama,

Sijui hata nikuulize hali vipi.

Barua yako niliisomea nyuma ya jukwaa. Ukumbi mzima unapiga kelele, “Kicheko! Kicheko!” wakiniita nitoke. Nilikaa juu ya spika, sikupanda. Mtayarishaji akaja juu: “Umerogwa?” Nikamwambia, “Ni dada yangu.” Akadhani natania.

Nina dada, Mama. Nina dada na nimemwimbia vile.

Nimemwambia autoe wimbo. Anasema ukishatoka umetoka. Ila amekubali nirekodi upya. Nitaweka jina lingine, lolote. Nisamehe.

Mwanao

20 Mei

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote wawili. Goti la baba yako limepata nafuu, na mimi nalala sasa.

Barua yako nilimsomea karakanani. Alikuwa anapaka kabati vanishi. Brashi ikamtoka, akakaa chini kwenye maranda. Akasema, “Nilidhani umemsahau.”

Nikamwambia, “Mimi nilidhani wewe ndiye.”

Tulilia kama watoto, mteja mlangoni hajui aingie au arudi.

Tangu siku hiyo tunamzungumzia. Baba yako anasema jina usilitoe. “Jina aliache. Huyo mwanamke ndiye ambadilishe.” Nami nasema hivyo hivyo. Mtoe kwenye waume za watu. Mfanye binti mkubwa mwenye kazi yake, akicheka mtaa mzima unajua yupo. Wimbo ule wa kwanza utaendelea kupigwa, najua, kinyozi anauabudu. Na upigwe.

Lakini madeko mwachie. Alikuwa nayo kwelikweli: alikuwa hakubali kuwekwa chini, ukimweka tu, anakunja mdomo.

Usirekodi bado. Njoo kwanza, tukupeleke alipolala.

Mama yenu