Magurudumu Manne ya Chama cha Mazishi

Jumanne, 11 Juni

Theluji ya kwanza ya majira ya baridi. Nyepesi, kama mtu amepepeta unga juu ya mlima. Imeyeyuka kabla ya saa sita. Baridi haikuondoka nayo.

Selloane, binti yangu, amefika jana kwa basi la mwisho. Tumbo limetangulia kuingia mlangoni, yeye akafuata. Leo muuguzi wa zahanati amempima. Mtoto amekaa vibaya, ametanguliza matako. Hapa hawawezi. Lazima awe hospitali ya bondeni kabla ya tarehe tano Julai, akae kulekule angojee siku yake.

Na bondeni ndiko alikotoka! Kutoka nyumbani kwake hadi hospitali ni dakika kumi kwa miguu. Mimi ndiye niliyemwita huku juu. Mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa bibi yake mzaa mama. Mimi nilizaliwa hivyo, na yeye pia. Mkwe wangu aliniita 'Me, yaani mama, akasema kwa upole kwamba majira haya kuna theluji. Nikamjibu kwamba theluji ilikuwepo kabla hajazaliwa. Siku ile nilijiona nimesema neno.

Jumamosi, 15 Juni

Mkutano wa chama cha mazishi. Mimi katibu. Ajenda moja: gari. La zamani lilivuta kwa magurudumu ya nyuma tu, na mwaka jana lilikwama mlimani siku nne na mzee Tlali ndani, kwenye jeneza. Yeye hakulalamika. Watoto wake walilalamika kwa niaba yake.

Nimesimama, nikaomba gari jipya libebe na wagonjwa. Ntate Khoabane, mzee wetu mwenyekiti, akakohoa kwanza.

"'Me 'Maselloane, chama hiki ni cha waliokwisha kufa."

"Basi tuwacheleweshe wagonjwa kidogo, Ntate. Foleni ni ndefu."

Wamecheka. Imepita. Kwenye kumbukumbu nimeandika "baada ya majadiliano marefu".

Jumatano, 19 Juni

Mjini, kuangalia magari mawili yaliyotumika. Lazima tuchague moja.

La kijivu kwa kawaida linavuta nyuma. Ukitaka yote manne unashuka, unazungusha vifungo vya magurudumu ya mbele kwa mkono, unapanda tena, unavuta gia. Jeupe linavuta yote manne muda wote. Lina kigia kidogo cha kufunga difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, maana bila hivyo nguvu yote hukimbilia gurudumu linaloteleza na mengine yanabaki kutazama. Haya nimeyapata kwenye kitabu cha gari. Nimekisoma mara mbili, wanaume wakipiga mateke matairi.

Wamekagua kama wanavyokagua farasi. Khoabane ameinama kuangalia chini kana kwamba anatafuta kwato. Kisha amelipapasa la kijivu begani.

"Hili linasikiliza. Unaliambia sasa vuta, linavuta. Jeupe linajiamulia lenyewe. Farasi anayejiamulia kwenye theluji mnazikwa naye."

Letlatsa, dereva wetu: "Halafu la kijivu lina sauti ya kiume."

Nikauliza, kwa unyenyekevu kabisa, nani atashuka kwenye barafu kuzungusha hivyo vifungo. Letlatsa akasema yeye. Na vikiganda, atavifungua kwa nini? Wote wakatazama viatu. Kila mtu huku anajua madereva hufungua kwa mkojo wa moto, lakini nani atalisema hilo mbele ya mama mtu mzima? Adabu yao imenipa nusu ya kura.

Nusu nyingine nimeiiba. Nilikuwa na kamba yenye urefu wa jeneza. Nimepima la kijivu, nikatangaza limepungua vidole viwili. Halikupungua. Jeneza lingeingia na nafasi ya kofia ikabaki.

Tumenunua jeupe. Njia nzima Khoabane aligeuza uso dirishani.

Alhamisi, 27 Juni

Jeupe limefika. Letlatsa analizungusha kijijini kama bwana harusi. Nimemwonyesha kigia kidogo. Akifika kwenye barafu akivute kabla hajakwama.

"'Me, magurudumu manne ni manne. La tano liko wapi?"

Waliokuwepo wakacheka. Sikucheka. Yule aliyewafundisha kucheka mkutanoni ni mimi, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Miguu ya Selloane imevimba. Tunashuka naye Jumatatu.

Jumatatu, 1 Julai

Hatukushuka. Amefariki mjomba wa mweka hazina, ng'ambo ya bonde la pili, na gari limekwenda huko. Nimemfuata Khoabane. Nikasema marehemu anaweza kungoja.

"Ukiwa ndani ya hilo jeneza, 'Me, utasema hivyo?"

Kanuni inasema mwanachama aliyefiwa ahudumiwe kwanza. Niliiandika mimi, kwa mwandiko mzuri.

Theluji tangu alfajiri.

Jumatano, 3 Julai

Gari limerudi. Theluji imefika magotini. Basi haliji tena mpaka barabara ifunguke, na hakuna ajuaye lini. Kesho asubuhi tunakwenda, mimi, Selloane, Letlatsa na Khoabane. Huyu mwenyekiti amejialika. Anasema gari ni la chama.

Selloane ameniuliza kama kweli jeupe lilikuwa zuri kuliko lile jingine. Nimejibu ndiyo. Nimejibu haraka mno. Akageukia ukutani.

Nimekisoma tena kitabu. Yaliyoandikwa ni yaleyale.

Alhamisi, 4 Julai

Kona ya tano ya mlima tunaopaswa kuuvuka kabla ya kushuka bondeni. Tumekwama.

Naandika kwa penseli, wino umeganda. Wanaume wako nje wanamwaga majivu. Mimi nimeambiwa nikae mbele, nishikilie breki ya mkono.

Uchungu umemshika Selloane tangu kona ya pili. Mapema mno. Hapigi kelele. Anahesabu.

Lilipanda vizuri hadi hapa, siwezi kulisingizia. Halafu gurudumu la mbele la kushoto likakanyaga barafu iliyojificha chini ya theluji, likaanza kuzunguka peke yake kama cherehani. Matatu mengine yakasimama yakilitazama. Sawasawa na kitabu. Letlatsa hakuwa amefunga difu. Nilimwambia chini kule, mara mbili, akasema bado. Sasa amevuta kigia. Taa yake inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Maana yake meno ya gia hayajakutana.

Kitabu kinasema liache gari lisogee kidogo, meno yatakutana yenyewe.

Mbele halisogei. Ni nyuma tu. Na nyuma kuna barabara hatua sita, kisha hakuna kitu.

Kumtoa Selloane haiwezekani. Tumejaribu, hasimami.

Khoabane amevua blanketi lake, lile la kwenda kwa chifu, ameliburuta hadi nyuma na kulitandika kwenye barafu chini ya tairi. Amebaki na koti la sufu linaloonyesha viwiko. Mzee wa miaka sabini na moja. Kisha amekuja dirishani kwangu.

"Lingekuwa lile la kijivu ningejua la kufanya. Hili umelisoma wewe. Sema."

Nilitaka kumwambia habari ya kamba. Nimefungua mdomo. Nikasema wapange mawe nyuma ya blanketi, halafu Letlatsa aachie breki, gari lirudi nusu ya mzunguko wa tairi, akanyage tena.

Letlatsa ameuliza kama nusu inatosha. Nimesema inatosha.

Ameuliza tena, safari hii bila mzaha, ameniita mama kama mtoto wangu wa kuzaa. Nimesema inatosha, kwa sauti ileile niliyotangazia vidole viwili.

Kitabu hakisemi nusu. Kinasema kidogo.

Mawe yamepangwa. Letlatsa amepanda, ananiomba nitoe mkono kwenye breki. Selloane ameacha kuhesabu. Anasema, 'Me, weka hilo daftari. Khoabane amesimama nyuma kwenye theluji, mkono juu, macho kwangu. Wote wananingoja mimi. Naweka daftari, naachia breki.