Picha Aliyoitaka Mkwe

Jumatatu, 3 Machi 1975
Suruali mbili kabla ya adhuhuri. Mtaa mzima wa Gongoni hakuna fundi cherehani wa kunifikia. Mke wangu kafua tena nguo za Zuhura, mpwa wangu. Tangu ajifungue, mkojo unamtoka tu. Akikohoa, akicheka, akiinama. Kijijini kwao, upande wa Kaliua, wanawake wamekataa kulima naye shamba la ujamaa. Mumewe kamleta kwangu kama mzigo.

Alhamisi, 6 Machi
Mkaja aliofungwa Zuhura tumboni haufai, kitambaa laini mno. Nimetoa marekani yangu nzito. Babu yangu alijifunga hiyo hiyo kiunoni, akabeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, na njiani akamvunja simba taya kwa ngumi moja. Nimesema wakaze. Zuhura analia. Wakaze tu.

Jumanne, 11 Machi
Mkojo umezidi. Wamekaza tena. Mkwe, mumewe Zuhura, kaja na treni. Eti mama yake keshamtafutia mke mwingine. Mdomo wangu huu! Nimemwambia hospitali ina mashine ya kupiga picha nyama za ndani, na daktari wake nimewinda naye nyati.
"Basi mjomba, nitakuja mavuno yakiisha. Nataka kuiona hiyo picha."
Mashine haipo. Naogopa.

Jumatano, 2 Aprili
Tumekwenda hospitali. Nikauliza mashine, wakacheka. Mkunga mmoja mtu mzima kavaa glavu, kaingia na Zuhura nyuma ya pazia. Kidole chake tu. Mke wangu kanisimulia nyumbani. Tundu la kuvujisha mkojo hakuna, nyama zipo, zimelegea. Ila akiambiwa abane, anasukuma chini kama anayezaa. Na mkaja nao unakandamiza toka juu.
Mkunga akafoka: "Nani kawaambia mumfunge hivi? Fungueni. Abane kama anayezuia haja, avute juu, huku anapumua."
Marekani nimeikata nepi za mtoto. Sikula.

Ijumaa, 25 Aprili
Bado anavuja. Anabana akimenya karanga, anabana akikoroga uji. Mke wangu: "Vuta. Pumua basi, bibi, utatufia." Kwenye kahawa wameniuliza habari za mashine. Nikanyamaza, wakadhani naumwa. Nimewaza kumwomba mtu picha yake ya eksirei, mbavu zozote zile. Nimefika huko.

Jumapili, 25 Mei
Jana alikohoa, kanga kavu. Nikaimba mpaka dukani. Leo kainua ndoo, kalowa. Kajifungia chumbani na mtoto. Karanga zimeshang'olewa kila mahali. Mkwe yu njiani, najua. Sina picha.

Jumamosi, 7 Juni
Mkwe kaja. Shikamoo, marahaba. Kapewa kiti. Zuhura kakaa kwenye kigoda changu, mtoto mapajani. Habari za mahindi, za mama mkwe, za jino la mtoto. Mkwe kapiga chafya, mtoto akashtuka, akapiga yake ndogo. Wote tukacheka. Zuhura kacheka sana. Mimi nilitazama kigoda.
Alipokwenda kuleta chai nilikigusa kwa kiganja. Kikavu. Mkwe aliniona. Akainama, naye akakigusa.
Picha hakuiulizia. Aliuliza kama mtoto ana sweta, maana kwenye treni ya kurudi nyumbani asubuhi kuna baridi. Nimekaa kumshonea koti.