Simu Tisa Nilizoziacha Zilie

Ami Suleiman,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini mimi ni mtoto wa nduguyo na adabu ulinifunza mwenyewe, pamoja na hii kazi ya kuandika habari iliyonifanya leo niwe mwanamke mwenye kijicho.

Ndiyo, nasema kijicho. Nikisema ni hasira nitakuwa nakudanganya, nawe ulikuwa ukiunusa uongo tangu aya ya kwanza.

Gazeti letu limeniacha, Ami. Mhariri alinitumia ujumbe mfupi: hawahitaji tena mwandishi wa Kwale, habari na picha watazipata mitandaoni. Mitandaoni maana yake ni kwa Mejumaa. Yule yule msichana wa Ukunda uliyemkaribisha barazani kwako Msambweni ukamfunza bure, na mimi niliyebeba daftari lako miaka yote ile nikikaa pembeni nikitazama. Sasa akisimama Kombani na simu yake akasema "Assalam alaykum wapendwa," watu humwitikia kabla sijaipata kalamu mkobani. Kwenye ofisi za serikali Kwale yeye huvutiwa kiti. Mimi huulizwa, "Mama, una shida gani?" Muuza magazeti wa Ukunda siku hizi anauza vifuniko vya simu, na habari yangu ya mwisho, ile ya visima, niliikuta imefungiwa bajia. Nilizimaliza hizo bajia huku naisoma. Zilikuwa tamu, na hilo ndilo lililoniuma.

Hayo yote ningeyameza. Nililoshindwa kulimeza ni vile ulivyompenda. Siku moja nilikuja na ndizi zako, nikamsikia kutoka nje akikukariria: "Habari ya mauti hubisha hodi kwanza." Niligeuka na ndizi zangu hadi stendi, na tangu hapo sikukanyaga tena kwako. Kwani maneno hayo si uliniambia mimi, siku tuliyovuka kwenda Mkwiro, yule kijana alipozama? Jina lake ulikuwa nalo. Ukakataa kupiga simu chumba cha habari mpaka mamake aambiwe kwa kinywa, mlangoni pake. Gazeti jingine likatutangulia. Mimi nililia kwa uchungu, wewe ukasema, "Mwanangu, gazeti litatoka kesho pia."

Sasa nisikilize habari ya Jumamosi ile.

Nilikuwa nyumbani Kwale, nakunja nguo. Simu ikalia, jina la Mejumaa. Nikaigeuza kifudifudi kitandani. Nilikuwa nimesikia amealikwa hoteli moja ya Diani kuwafunza wenzake kazi, nikajua anataka kujigamba. Ikalia tena. Nikaiacha ilie. Baada ya adhuhuri ndipo nilipoichukua, na kama ilivyo ada yangu nikafungua kwanza ukurasa wake nione leo ana nini.

Alikuwa na wewe. Picha yako na kofia yako nyeupe. Mazishi alasiri, Msambweni.

Nilifika jeneza limeshatoka. Uso wako sikuuona, Ami. Nami badala ya kulia nilimtafuta Mejumaa uani, kati ya wanawake, nikamwita mwizi wa misiba. Nikasema amemtangaza ami yangu ulimwengu mzima kabla mimi sijaambiwa. Ni mkeo, Mama Riziki, aliyenishika mkono.

"Mwanangu, huyu alikuwa hospitali akimsomea Suleiman habari kwenye simu pale roho ilipotoka. Tulimwambia atangaze mapema, akakataa. Alisema umesalia wewe kuambiwa. Mimi ndiye niliyemlazimisha, watu wasije wakakosa mazishi. Hebu tazama simu yako."

Zilikuwa tisa.

Wiki iliyopita alinipigia, mara ya kwanza tangu matanga. Bodaboda imegongwa Kombani, kijana amefariki, na watu wameshaanza kurusha picha. "Dada, wewe wawajua wa kwao, ni jirani zako. Niendee, tafadhali. Mimi nitangoja."

Nilikwenda. Mamake alikuwa akipepeta mchele, hana simu ya mtandao, hajui lolote. Nilibisha hodi, nikavua viatu, nikaketi naye chini, nikasema. Ungo wake ndio niliokuwa nimeushika mpaka jamaa zake walipofika.

Nilipompigia Mejumaa kumwambia tayari, kurasa nyingine zilikuwa zimemtangulia kitambo. Habari yake waliisoma wachache. Nikataka kumliwaza, nikamwambia, "Gazeti litatoka kesho pia." Akacheka, kisha akalia, maana aliyajua ni maneno ya nani. Na pale pale, Mungu anisamehe, nikaona wivu upya. Kumbe hata hayo ulishampa.

Kwa hiyo sitakudanganya kuwa kijicho kimekwisha. Kingali hapa. Ukurasa wake bado naufungua kila asubuhi, na akikosea jina la kitongoji bado nafurahi kidogo kabla sijamsahihisha. Bado nahesabu ni siku ngapi ulikaa naye zile za mwisho, siku ambazo zingekuwa zangu lau nisingegeuka na ndizi.

Lakini nakuahidi jambo moja. Simu siigeuzi tena. Iko hapa mezani kando ya barua hii, kioo chake juu. Lala salama, Ami yangu, Mola akulaze pema.

Akipiga, nitapokea.

Mwanao,
Mwanasiti